Barua Zilizowabeba Abiria: Miaka ya Mwanzo ya Mashirika ya Ndege Nchini Marekani

Walimu na wanafunzi wa somo la tafsiri watakubaliana nasi kwamba matini zinazohusu usafiri wa anga huwapa watu taabu darasani. Taabu yenyewe haitokani na msamiati peke yake. Kamusi zipo, na maneno kama rubani, abiria, nauli, mhudumu na uwanja wa ndege yamekwisha kuzoeleka. Tatizo ni kwamba mwanafunzi hutakiwa kutafsiri jambo asilolijua chanzo chake, na matokeo yake huwa ni sentensi zilizo sahihi kisarufi lakini tupu kimaana. Kwa sababu hiyo tumeona ni vyema katika toleo hili tueleze, kwa kirefu kidogo, kipindi ambacho vitabu vingi hukiita enzi ya dhahabu ya usafiri wa ndege nchini Marekani, yaani takriban kuanzia mwaka 1926 hadi 1941, pamoja na yale yaliyokitangulia. Tunaomba pia ruhusa ya kuuliza, tutakapofika mbele, dhahabu hiyo ilikuwa ya nani.

Safari ya kwanza ya ndege ya abiria yenye ratiba maalumu huko Marekani ilifanyika tarehe 1 Januari 1914, katika jimbo la Florida. Ndege ilikuwa ya kutua majini, ndogo, isiyo na paa, na abiria aliketi ubavuni mwa rubani. Rubani aliitwa Tony Jannus. Abiria wake alikuwa Abram Pheil, aliyewahi kuwa meya wa mji wa St. Petersburg, ambaye aliinunua nafasi hiyo kwa mnada kwa dola 400. Walivuka ghuba hadi Tampa, mwendo wa kilomita 34 hivi, kwa dakika 23. Baada ya siku hiyo nauli ya kawaida ilikuwa dola 5. Huduma hiyo ilidumu kwa muda wa miezi minne tu, ikabeba abiria 1,205, kisha watalii walipoondoka mwishoni mwa msimu wa baridi ikafungwa. Watu walifurahia kuruka, lakini nauli zao hazikutosha kuiweka kampuni hai. Jambo hili msomaji alishike, maana ndilo fundo la habari yote inayofuata.

Kilichofungua njia ni barua. Tarehe 15 Mei 1918 serikali ya Marekani ilianzisha usafirishaji wa barua kwa ndege kati ya Washington, Philadelphia na New York, kwanza kwa kutumia marubani wa jeshi, na kuanzia mwezi wa Agosti mwaka huohuo kwa kutumia marubani wa Idara ya Posta yenyewe. Kazi ilikuwa ya hatari na marubani wengi walikufa. Hakukuwa na redio wala vipimo vya kumwonyesha rubani njia katika ukungu. Alifuata reli, mito na barabara. Mwezi wa Februari 1921, ili kuthibitisha kwamba barua zingeweza kusafiri usiku na mchana kutoka pwani moja hadi nyingine, rubani Jack Knight aliruka usiku kucha kutoka North Platte hadi Chicago, huku mioto ikiwashwa chini ili aione njia. Baadaye mioto hiyo ilibadilishwa kuwa taa za kudumu zilizopangwa juu ya minara, na mwishowe nchi nzima ikawa na mstari wa taa kutoka mashariki hadi magharibi.

Mwaka 1925 Bunge la Marekani lilipitisha sheria ya kuikabidhi kazi hiyo kwa makampuni binafsi kwa mikataba. Mwaka uliofuata ilipitishwa sheria nyingine iliyotaka marubani wawe na leseni na ndege zikaguliwe. Hapo ndipo makampuni mengi ya ndege yalipozaliwa. Hata Charles Lindbergh, ambaye dunia ilimfahamu alipovuka Atlantiki peke yake tarehe 20 na 21 Mei 1927, alikuwa kabla ya hapo rubani wa kubeba barua kati ya St. Louis na Chicago.

Hebu tufikiri kama mfanyabiashara wa wakati ule. Posta inakulipa kwa uzito wa mzigo. Kilo 80 za barua hazilalamiki, hazitapiki, hazidai chakula, na zinalipa zaidi kuliko mtu mwenye kilo 80. Kwa nini umchukue mtu? Makampuni mengi hayakumtaka abiria hata kidogo, na pale alipochukuliwa aliweza kujikuta ameketi juu ya magunia ya barua. Isitoshe, baadhi ya makampuni yaligundua mwanya. Kwa kuwa malipo ya serikali yalizidi bei ya stempu, kampuni iliweza kujitumia yenyewe vifurushi vizito kwa ndege zake yenyewe, ikapata faida. Waswahili husema penye nia pana njia, na hapa nia ilikuwa hiyo.

Aliyeigeuza hali hiyo ni Walter Folger Brown, Mkuu wa Posta katika serikali ya Rais Hoover. Kwa sheria ya mwaka 1930 malipo yalianza kutolewa kwa kuangalia nafasi iliyomo ndani ya ndege, si uzito wa barua. Nafasi ililipiwa hata kama haikujaa. Badiliko hili laonekana dogo, lakini ndilo lililomleta abiria. Kampuni yenye ndege kubwa ilipata fedha nyingi zaidi, na ilipokuwa na ndege kubwa iliyobaki wazi, ikawa na sababu ya kuweka viti. Aidha, ziliongezwa fedha kwa ndege zenye redio na vifaa vya kurukia usiku. Kwa maneno mengine, serikali ilinunua ndege za abiria kwa kupitia mlango wa posta. Wale wanaofuatilia mijadala ya mashirika ya ndege ya taifa katika ukanda wetu, na wanaosikia ikisemwa kwamba mashirika ya Marekani yalisimama kwa miguu yake yenyewe sokoni tangu mwanzo, wanafaa kuikumbuka sheria hiyo.

Brown hakuishia hapo. Mwezi wa Mei 1930 aliwaita wakuu wa makampuni makubwa na kuzigawa njia. United ilipata njia ya kaskazini kutoka pwani hadi pwani, TWA ya katikati, American ya kusini, na Eastern ikashika pwani ya mashariki. Makampuni madogo yaliachwa nje au yalilazimika kuungana na makubwa. Mambo hayo yalipochunguzwa na kamati ya Seneti iliyoongozwa na Hugo Black, Rais Roosevelt aliifuta mikataba yote mwezi wa Februari 1934 na kuliagiza jeshi lipeleke barua. Yalikuwa majira ya baridi kali. Marubani wa jeshi hawakuwa wamezoea kuruka usiku wala katika dhoruba za theluji, na ndege zao hazikuwa na vifaa. Katika wiki chache walikufa marubani kumi na zaidi, na katikati ya mwaka kazi ikarudishwa kwa makampuni.

Hapa pana kichekesho ambacho mwalimu wa lugha hawezi kukipita. Ilitangazwa kwamba kampuni yoyote iliyohudhuria ile mikutano ya Brown isipewe mkataba mpya. Makampuni yalifanya nini? Yalibadili majina. American Airways ikawa American Airlines. Eastern Air Transport ikawa Eastern Air Lines. TWA iliongeza tu herufi chache za kisheria mwishoni mwa jina lake. Ndege zilikuwa zilezile na marubani walewale, na mikataba ikatiwa sahihi. Jina linalosomwa leo ubavuni mwa ndege za American lilizaliwa kwa ujanja wa kisarufi. Hata hivyo, sheria ya mwaka 1934 ilileta jambo moja la maana: iliwatenganisha watengenezaji wa ndege na waendeshaji wa mashirika. Boeing na United, waliokuwa chini ya paa moja, walilazimika kuachana.

Kuachana huko kulikuwa na historia yake. Tarehe 31 Machi 1931 ndege ya TWA aina ya Fokker, yenye mabawa ya mbao, ilivunjika bawa angani huko Kansas na kuwaua watu wote 8 waliokuwamo. Mmoja wao alikuwa Knute Rockne, kocha wa kandanda ya Kimarekani aliyekuwa maarufu nchi nzima. Ilidhaniwa kwamba unyevu ulikuwa umeingia ndani ya bawa na kuidhoofisha gundi. Tangu hapo abiria hawakutaka tena kuisikia ndege ya mbao. Boeing ilikuja na ndege ya chuma kitupu, namba 247, iliyoanza kazi mwaka 1933 ikiwa na viti 10. Lakini ndege 60 za kwanza ziliwekwa kwa ajili ya United, ndugu yake. TWA ilipotaka kununua iliambiwa isubiri.

Jack Frye wa TWA hakusubiri. Alikuwa amekwisha kuwaandikia watengenezaji wengine barua tarehe 2 Agosti 1932, akieleza ndege anayoitaka. Kampuni ya Donald Douglas huko California ilijibu kwa DC-1, iliyoruka mara ya kwanza tarehe 1 Julai 1933, ikafuatwa na DC-2 yenye viti 14. Ndipo C. R. Smith wa American Airlines alipomshawishi Douglas aipanue zaidi ili iwe na vitanda vya kulalia usiku. Ndege hiyo iliruka tarehe 17 Desemba 1935. Ikiwa na vitanda ilichukua watu 14, na ikiwa na viti ilichukua 21. Hiyo ndiyo DC-3.

Tofauti kati ya viti 10 na viti 21 ndiyo tofauti kati ya kuishi kwa msaada wa posta na kuishi kwa nauli. DC-3 iliyaendesha mashirika kwa faida hata bila magunia ya barua. Ilivuka Marekani kwa saa 15 hadi 18 hivi, pamoja na vituo vichache vya kuongeza mafuta. Wakati wa Vita Kuu ya Pili zilitengenezwa zaidi ya 10,000 kwa ajili ya majeshi, na baada ya vita ziliuzwa kila pembe ya dunia. Wazee wetu waliziita Dakota. Shirika la Ndege la Afrika Mashariki, lililoanzishwa mwaka 1946 na kuvunjika mwaka 1977, lilikuwa nazo, na kwa wengi wa kizazi hicho Dakota ndiyo ndege ya kwanza kuipanda.

Sasa tuingie ndani ya ndege zenyewe, maana neno dhahabu humfanya msomaji afikirie vitambaa vyeupe vya mezani. Mwaka 1929 kampuni moja iliyojiita njia ya Lindbergh ilitangaza safari ya saa 48 kutoka New York hadi Los Angeles. Abiria alilala kwenye gari moshi usiku wa kwanza hadi Ohio, akapanda ndege mchana hadi Oklahoma, akarudi kwenye gari moshi usiku wa pili hadi New Mexico, kisha akapanda ndege tena. Kampuni hiyo haikuthubutu kuwarusha watu usiku. Ndege iliyotumika, Ford yenye injini tatu, ilikuwa na mabati ya mikunjo kama ya kuezekea nyumba, na makelele yake yalifanya mazungumzo yasiwezekane. Ndege za wakati huo hazikuwa na hewa iliyoshindiliwa ndani. Hazikuweza kupanda juu ya mawingu mabaya, kwa hiyo zilipita katikati yake, na abiria walitapika. Ndege ya kwanza ya abiria yenye hewa iliyoshindiliwa, Boeing 307, ilianza kazi mwaka 1940 tu.

Katika hali hiyo ndipo alipotokea Ellen Church. Alikuwa muuguzi mwenye cheti, mzaliwa wa Iowa, aliyejifunza pia urubani. Hakuna kampuni ambayo ingempa mwanamke usukani. Basi akatoa hoja nyingine kwa Boeing Air Transport: waajiri wauguzi, kwa sababu abiria anayeogopa atatulia akimwona muuguzi, na tena ataona aibu kuogopa iwapo msichana haogopi. Tarehe 15 Mei 1930 aliondoka Oakland kuelekea Chicago, safari ya saa 20 yenye vituo 13, akiwa na abiria 14. Waliajiriwa wanane mwanzoni. Masharti yalikuwa kwamba mhudumu awe muuguzi, asiwe ameolewa, asizidi umri wa miaka 25, uzito wa kilo 52 na urefu wa sentimita 163 hivi. Mshahara ulikuwa dola 125 kwa mwezi. Kazi zake zilikuwa kubeba mizigo, kukaza skrubu za viti vilivyolegea sakafuni, kuua nzi, na kuangalia abiria asifungue mlango wa kutokea nje akidhani ni mlango wa choo.

Wanafunzi wetu wazingatie kwamba Kiswahili husema mhudumu, neno lisilo la kike wala la kiume. Kiingereza cha Marekani kilianza na neno la kike, likakaa kwa miaka mingi, na kuliondoa kulihitaji mabishano na hata kesi mahakamani. Anayetafsiri matini ya mwaka 1935 na kuweka mhudumu peke yake ameficha habari muhimu. Itabidi, mahali fulani katika aya, aseme wazi kwamba alikuwa mwanamke, na kwamba ilimpasa awe mwanamke.

Tukivuka bahari tunakutana na kampuni ya Pan American na kiongozi wake Juan Trippe. Ilianza mwaka 1927 kwa njia fupi ya kutoka Key West hadi Havana, na mwezi wa Novemba 1935 ndege yake ya kutua majini, China Clipper, ikavuka Pasifiki kutoka San Francisco hadi Manila kwa kutua Honolulu, Midway, Wake na Guam. Abiria walianza kuchukuliwa mwezi wa Oktoba 1936, kwa nauli ya dola 799 kwenda tu. Mwaka 1939 zilikuja Boeing 314, zenye viti 74, vitanda, na chumba cha kulia chakula ambacho abiria walikiingia kwa zamu. Kuvuka Atlantiki kulilipiwa dola 375 kwenda tu. Yule muuguzi wa mwaka 1930 angehitaji mshahara wake wa miezi mitatu mizima, bila kula.

Trippe aliyachota maneno yake baharini kwa makusudi. Ndege aliziita kwa jina la merikebu za tanga ziendazo kasi. Marubani aliwavika sare za rangi ya wanamaji na kuwapa vyeo vya melini, na mwendo ulipimwa kwa vipimo vya mabaharia. Alitaka tajiri aliyezoea meli aione ndege kuwa ni meli nyingine tu. Nasi je? Bila ya Trippe, Kiswahili kilifanya vivyo hivyo. Rubani alikuwa mwelekezi wa chombo baharini kabla hajapanda angani. Abiria, nauli na shehena ni maneno ya pwani na majahazi yaliyohamia kwenye reli, barabara na anga. Chombo chenyewe tu ndicho tulichokipa jina la kiumbe, na hapo ndipo penye mtego wa upatanisho wa kisarufi: ndege ameruka ni yule mwenye manyoya, ndege imeruka ni ile yenye injini. Wasomaji wetu wa Kinyarwanda na Kirundi huuepuka mtego huo, kwa sababu kwao kiumbe ni inyoni, na indege, neno lililotoka Kiswahili, limebaki kwa mashine peke yake. Waganda wanalo ennyonyi kwa yote mawili, na wanafunzi wetu kutoka huko hukosea kidogo zaidi katika zoezi hili.

Enzi hiyo ilifungwa na vita. Japani iliposhambulia Pearl Harbor mwezi wa Desemba 1941, Pacific Clipper, moja ya zile Boeing 314, ilikuwa karibu kufika Auckland na haikuweza kurudi kwa njia ya Pasifiki. Kapteni Robert Ford aliirudisha nyumbani kwa kuelekea magharibi, kupitia Surabaya, Ceylon, Karachi, Bahrain na Khartoum. Kutoka Mto Nile alivuka hadi Mto Kongo na kutua Leopoldville, ambayo leo ni Kinshasa, kisha akavuka Atlantiki hadi Brazil, akafika New York tarehe 6 Januari 1942.

Tulisema tutauliza dhahabu ilikuwa ya nani. Mwaka 1926 abiria wa ndege Marekani hawakufika 6,000. Mwaka 1938 walikuwa takriban milioni 1.2. Ongezeko ni kubwa, lakini wengi wao walikuwa wafanyabiashara na matajiri waliosafiri tena na tena. Tangu sheria ya mwaka 1938 serikali ndiyo iliyoamua nani aruke wapi na kwa nauli gani, na utaratibu huo haukuondolewa hadi mwaka 1978. Mashirika yalipozuiwa kushindana kwa bei yalishindana kwa vyakula na sare, na huko ndiko picha nyingi tunazozionea shauku zilikotoka.

Kwa Mmarekani mweusi hali ilikuwa nyingine kabisa. Uwanja mpya wa ndege wa taifa wa Washington ulipofunguliwa mwaka 1941, mkahawa wake uliwabagua weusi hadi mwishoni mwa mwaka 1948. Mwaka 1954 mwimbaji Ella Fitzgerald, mwenye tiketi ya daraja la kwanza ya Pan American kwenda Australia, alizuiwa Honolulu asirudi ndani ya ndege, akaishtaki kampuni. Marlon Green, rubani aliyetoka jeshini, alinyimwa kazi na Continental. Ilimbidi afike Mahakama Kuu ya nchi, iliyompa haki mwaka 1963, na akaanza kuruka mwaka 1965. Kabla yake, tarehe 11 Februari 1958, Ruth Carol Taylor alikuwa amekuwa mhudumu wa kwanza mweusi, katika shirika la Mohawk, kwenye safari ya kutoka Ithaca hadi New York. Alikuwa muuguzi, kama Ellen Church. Haikupita miezi sita akaondoka kazini, na sababu haikuwa rangi yake. Alikuwa ameolewa.